Kuacha gomba (mirungi) na pombe ukiwa bado dereva wa masafa marefu: hatua kwa hatua

Ndugu dereva, swali hili linanijia karibu kila wiki, na linakuja kwa sura ileile. Kijana amepaki Tunduma, mpakani na Zambia, foleni haisogei, ananipigia simu usiku: "Kaka, nataka kuacha gomba, lakini keshokutwa natakiwa niwe Kasumbalesa, mpakani na Kongo. Naachaje?" Mwingine anauliza kuhusu bapa la kulalia, ile chupa ndogo ya pombe kali. Mwingine ana vidonge alivyopewa na mwenzake Makambako, na hata jina lake halijui. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa nimeamua kuyaweka yote mahali pamoja.

Nimeendesha semi miaka kumi na saba, Dar kwenda Lubumbashi na Kolwezi. Miaka tisa kati ya hiyo nilikuwa nachana, yaani natafuna gomba. Sikuanza kwa starehe. Tajiri, yaani mwenye gari, alitaka mzigo ufike, mwili ulitaka kulala, na mwenzangu akanipa fungu la gomba. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja: gomba la dereva ni deni la usingizi, na pombe yake mara nyingi ni dawa ya kulizima gomba. Ukipambana na gomba peke yake, ukaacha ratiba yako kama ilivyo, utalinunua tena kabla hujafika Mikumi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utakayosoma hapa inahusu kulala.

Wewe usiache peke yako kama…

Soma hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako, na usijaribu kabisa ukiwa safarini. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, hutokwa jasho, huona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, usipunguze kwa aibu. Wana dawa za kukuvusha siku hizo, na watakupa vitamini B1 kwa sababu ya ubongo.

Vivyo hivyo kama unatumia tramadoli au Valium kila siku kwa wiki kadhaa. Hivyo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Kuvikata kwa siku moja kunaweza kuleta degedege.

Kama ni unga, yaani heroini, kuna kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, katika hospitali za serikali, na dawa hutolewa bure. Muhimbili ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na kwa sisi wa barabara hii ipo pia Mbeya. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Ukiwa Kenya, piga 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni bure.

Gomba na bangi kwa kawaida haviui mtu kwa kuviacha. Hatari yake ni nyingine: siku za mwanzo utalala kama umepigwa rungu, na ukiwa kwenye usukani wakati huo, hapo ndipo penye kifo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Siku saba hadi kumi ambazo huendeshi. Likizo, gari kuwa gereji, kusubiri mzigo, vyovyote vile. Hiki ndicho kitu kigumu kukipata na ndicho kisichokuwa na mbadala.

Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, ukiishika tu unakutana na meseji za muuzaji.

Watu wawili wanaojua. Mmoja nyumbani: mke, mama, kaka mkubwa. Mwingine awe dereva mwenzako wa njia hiyohiyo, ambaye hachani, au ameshaacha. Kila kampuni ina mmoja wa hivyo, mara nyingi ni yule mzee anayelala mapema mkamcheka.

Vifaa vya kebini: pazia zito la kuzunguka vioo vyote (kitambaa cheusi cha kushonesha kwa fundi kinatosha), chandarua kidogo, godoro ambalo halijabonyea katikati, pamba za masikio, dumu la maji la lita tano, chupa ya chai. Usidharau godoro. Nililala miaka mingi juu ya sponji iliyokwisha, halafu nikashangaa kwa nini saa sita za usingizi zinanipa nguvu za saa mbili.

Na kipimo cha presha na sukari. Gomba hupandisha presha na mapigo ya moyo, na wengi wetu tunatembea nayo juu bila kujua.

Hatua ya 1: Fanya safari moja ukiandika tu

Usibadilishe chochote. Kila unapotafuna, kunywa, kuvuta au kumeza, andika mahali, saa, kiasi, na ulikuwa umelala lini. Mistari michache ya daftari langu ilikuwa hivi:

"Mikumi, saa 5 usiku, fungu moja. Nimelala jana, kwa saa 3."
"Ilula, saa 9 usiku, fungu la pili na soda."
"Mafinga, saa 1 asubuhi, bapa, ili nilale. Nimelala kwa saa 2 na nusu."

Nilipoyasoma nyumbani nilikuta kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka tisa: kila fungu lilikuja baada ya saa kumi na tano au zaidi za kuwa macho, na kila bapa lilikuja baada ya fungu. Daftari lako litakuonyesha saa zako na vituo vyako. Kazi yako ni kuzishughulikia saa hizo na vituo hivyo.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwa kujipendelea. Anayesoma ni wewe peke yako, andika ukweli.

Hatua ya 2: Jua kila kitu kinakufanyia nini

Gomba lina kathinoni, kemikali iliyo ndugu na amfetamini. Huharibika haraka, ndani ya siku mbili hivi tangu jani likatwe, ndiyo maana huletwa mbio likiwa limefungwa kwenye majani ya mgomba. Linakufanya usihisi usingizi. Usingizi wenyewe haliuondoi, unabaki palepale unangoja, huku uamuzi wako na macho yako vikizidi kuchoka.

Nikueleze ilivyonipata. Mwaka 2014 narudi na shaba, nimechana usiku wa pili mfululizo, alfajiri nateremka mlima Kitonga. Shavu la kushoto limejaa majani, bigijii imekauka mdomoni, najiona niko macho kuliko mtu yeyote duniani. Kwenye kona nikaona ng'ombe wamejaa barabarani, weupe na wa madoa, wamesimama. Nikakanyaga breki na mzigo wote nyuma yangu. Tela ikaanza kuchezea pembeni, harufu ya breki ikaingia kebini. Utingo akanishika bega: "Mzee, unasimamia nini?" Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na lami, na upande wa pili bonde. Nilipaki Ruaha Mbuyuni, nikashuka, miguu ikakataa kunibeba. Yule kijana sasa ni dereva, na mpaka leo akiniona hukumbusha rangi za wale ng'ombe, maana nilimtajia.

Pombe inakuangusha haraka, kisha inakuamsha saa 8 au 9 usiku ukiwa na kiu na moyo unadunda. Usingizi wake ni mwepesi. Bangi inakupoteza muda na umbali, unaona lori la mbele liko mbali kuliko lilipo. Vidonge vya kupeana vijiweni sitavieleza kimoja kimoja, kwa sababu hujui kilichomo. Usimeze.

Na sheria uijue. Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015, na ukikutwa nayo gari la watu linaweza kushikiliwa kama kielelezo wewe ukiwa mahabusu. Zambia nao hukamata. Kenya mirungi hiyohiyo, wao wanaiita miraa, ni zao halali, na madereva wengi huponzwa na hilo: wamenunua kihalali Mombasa au Nairobi, wanavuka Namanga na mabaki kwenye dashibodi.

Hatua ya 3: Acha ukiwa nyumbani, kwa siku moja

Chagua tarehe ndani ya zile siku zako saba hadi kumi, iwe siku ya kwanza. Kwa gomba, kata moja kwa moja. Wanaosema "napunguza taratibu" hupunguza mchana wakaongeza usiku.

Siku ya 1 hadi ya 3: usingizi mzito, hata saa kumi na mbili au zaidi kwa siku. Mwili unalipa deni, uache ulipe. Kichwa kitauma, utakuwa na hasira za karibu, na utaota ndoto za ajabu (mimi niliota niko kwenye mizani ya Vigwaza, gari halina matairi, usiku tatu mfululizo). Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba hiyo ni arosto, yaani mwili unadai ulichouzoeza, na itapita, wasikuchukulie umebadilika. Kunywa maji mengi, kula matunda na mboga za majani, maana tumbo la mchanaji limefunga.

Siku ya 4 hadi ya 7: usingizi unapungua, huzuni inaingia. Hiki ndicho kipindi ambacho wengi hurudi, kwa sababu hakuna maumivu ya kuonyesha mtu, ila dunia inaonekana haina ladha. Toka nje, tembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, oga, kaa na watoto. Ukianza kufikiria kujidhuru, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Usilale nalo.

Wiki ya pili: njaa inarudi, utanenepa kidogo. Hamu ya gomba huja kwa mawimbi ya dakika kumi na tano, ishirini, kisha hupoa. Likija wimbi, simama, tafuna karanga au karoti, mpigie yule dereva mwenzako.

Onyo: usirudi barabarani kabla hujapata usiku tatu mfululizo za usingizi wa kawaida na kuamka bila kulazimishwa. Tajiri akipiga siku ya nne, jibu lako ni "naumwa, narudi Jumatatu." Siku ya nne wewe ni mgonjwa kweli.

Hatua ya 4: Hesabu ya pombe

Kama umechagua kuacha pombe kabisa, ruka hatua hii, umeshafanya zuri zaidi. Kama bado unakunywa ukiwa mapumzikoni, shika hesabu hii kichwani kama unavyoshika uzito wa ekseli.

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna linalolikimbiza. Kahawa, maziwa, limau, mayai mabichi, kuoga maji baridi, kutapika: hakuna hata kimoja kinachosafisha damu. Kwa hiyo bia moja ni saa mbili hadi tatu. Bia tano ni saa kumi hadi kumi na nne. Bapa la mililita 200 la kinywaji cha asilimia 35 lina gramu 55, yaani saa tano na nusu hadi nane.

Umeanza kunywa saa 3 usiku, umemaliza ya tano saa 6, umelala, umeamka saa 12 asubuhi kichwa chepesi kabisa. Bado unayo damuni. Trafiki akikupima Mbalizi, kipimo kitasoma kilichobaki, na kama siku hiyo umegonga mtu hakuna atakayesikia kwamba ulikunywa jana.

Kanuni yangu ni ngumu kidogo: hakuna pombe ndani ya saa 24 kabla ya kushika usukani, na hakuna chupa kebini, hata iliyofungwa, hata ya zawadi. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku kwetu Machi 2017, na Zambia walishaondoa tujilijili, vipakiti vyao, tangu 2012, lakini bapa limekaa palepale kilipokuwa kiroba, kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Mfuko huo weka daftari.

Hatua ya 5: Panga safari kwa kuanzia usiku

Hapa ndipo kazi ilipo.

Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Ukiwa umebeba, ukiweka mizani, milima na foleni za mijini, wastani wa kilomita 45 kwa saa ni wa kweli. Hizo ni saa zaidi ya ishirini za usukani. Ukiziweka ndani ya siku moja na usiku wake, umeshaagiza gomba, hata kama hujalinunua bado. Ukizigawa siku tatu, ni saa saba kwa siku. Wenzetu wa njia ya Mombasa kwenda Malaba wana kifungu cha kushika mkononi: Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu 66A, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Itumie hata kama hauko Kenya, ni kipimo kizuri.

Fanya hivi:

a) Kwanza weka alama kwenye saa za kulala: saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Hizo ni saa saba. Usizipangie kitu kingine.

b) Chagua vituo vya kulala kabla hujatoka. Mimi siku ya kwanza nalala Ruaha Mbuyuni, ili Kitonga niipande asubuhi nikiwa mpya. Siku ya pili Makambako. Siku ya tatu naingia Tunduma mchana. Ukichelewa mizani, fupisha safari ya siku hiyo, usifupishe usiku.

c) Paki mbali na baa na spika. Lipia maegesho yenye mlinzi hata kama pembeni ya barabara ni bure. Hofu ya kuibiwa dizeli na matairi ni moja ya sababu madereva hawalali, na hofu hiyo ni ya haki.

d) Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi usiwe barabarani. Mwili wa kila binadamu hushuka saa hizo, mchanaji na asiyechana. Mchana saa 8 hadi 10 kuna mteremko mdogo, panga chakula na mapumziko hapo, na usishibe ugali wa kulewa.

e) Kahawa au chai ya rangi mwisho saa 9 alasiri. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake bado ipo baada ya saa tano hivi.

Kosa ninaloliona sasa kuliko yote: vijana wanaacha gomba wanahamia vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo manne, matano kwa usiku. Deni lile lile, duka jingine. Na moyo unaopigwa kwa kafeini na sukari usiku kucha haufurahii.

Hatua ya 6: Ongea na tajiri kuhusu muda

Si lazima umwambie ulikuwa unachana. Zungumza habari ya muda, na ikiwezekana iwe kwa maandishi, ujumbe mfupi wa simu unatosha:

"Shikamoo bosi. Kuanzia safari hii nitakuwa nalala saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Tunduma nitafika siku ya tatu mchana. Nitakutumia mahali nilipolala kila usiku."

Mstari wa mwisho ndio unaomtuliza. Matajiri wengi wanachoogopa ni dereva aliyezima simu, wakidhani ameuza mafuta au yuko kwa mwanamke. Ukimpa mahali ulipo kila usiku, nusu ya presha inaondoka. Mkumbushe pia kwamba gari lililolala ubavuni Kitonga hupoteza wiki, na gari lililochelewa siku moja hupoteza siku moja.

Wapo watakaokataa. Kuna niliyemfanyia kazi akaniambia, "Kalale kwenu." Nilimaliza safari, nikarudisha funguo, nikakaa miezi miwili bila gari. Ilikuwa ngumu nyumbani, sitakudanganya. Kama malipo yako ni mileji tu, yaani pesa ya safari bila mshahara, anza kutafuta anayelipa mshahara pamoja na posho kabla hujarudisha funguo. Ni wachache lakini wapo.

Hatua ya 7: Usingizi ukikukuta njiani

Dalili unazijua: unapiga miayo mfululizo, hukumbuki kilomita tano zilizopita, tairi limegusa ukingo, kichwa kimedondoka. Ukifikia hapo, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakukusaidii. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, kusinzia sekunde nne ni kusafiri karibu mita 80 bila dereva, zaidi ya urefu wa semi nne.

1. Toka barabarani kabisa, kwenye kituo cha mafuta au maegesho. Ukikosa, sehemu pana iliyonyooka, weka viakisi mbele na nyuma na kigingi kwenye tairi.
2. Kunywa kikombe cha kahawa haraka.
3. Tega saa dakika ishirini, funga pazia, lala. Kahawa itaanza kufanya kazi wakati unaamka.
4. Ukiamka, shuka, zunguka gari ukigonga matairi, dakika kumi. Usiondoke ukiwa bado na ukungu kichwani.
5. Dawa hii hufanya kazi mara moja tu. Usingizi ukirudi, lala kweli, saa tatu au zaidi, halafu mpigie tajiri.

Usimpe utingo usukani kwa sababu wewe umechoka. Kama hana leseni ya daraja la gari hilo, umeongeza tatizo la pili.

Hatua ya 8: Kebini, pesa na foleni

Futa namba za wauzaji, zote. Osha kebini, vuta mikeka, utakuta majani makavu chini ya kiti, yatoe. Mileji ikiingia, tuma sehemu kubwa nyumbani siku hiyohiyo, ubaki na ya mafuta ya dharura, chakula na maegesho.

Foleni ya mpaka ndiyo inayowamaliza wengi. Barabarani una kazi, Kasumbalesa una siku tatu za jua na wenzako wamekaa chini ya tela na karata. Panga kitu kabla hujafika: grisi, kufua, kupika mwenyewe, ibada, kumpigia mtoto wakati wa kufanya kazi za shule. Ukiwakuta wenzako wanakunywa, kaa na soda nusu saa, kisha aga. Usiwahubirie, watakukwepa, na kesho mmoja wao atahitaji kukuuliza jambo.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Nimeteleza, nimechana tena.* Simama ulipo, usimalizie fungu. Hesabu saa tangu ulipolala, andika, na usiendeshe usiku huo. Kisha angalia daftari: karibu kila mara utakuta usiku uliokosa kulala kabla yake. Rekebisha huo. Huanzi upya kutoka siku ya kwanza ya mwili, unaendelea.

*Nalala saa saba kila usiku, bado nasinzia mchana.* Muulize mkeo au utingo kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Madereva wenye shingo nene na tumbo huugua hivyo sana, na hospitali za rufaa wanaujua. Pima pia sukari, wingi wa damu na malaria.

*Nguvu za kiume zimepungua tangu niache.* Ninaulizwa hili kuliko yote. Gomba na pombe vyenyewe huziharibu, na wiki za mwanzo za kuacha mwili uko chini. Usingizi ukikaa sawa, kwa wengi hurudi. Ikifika miezi mitatu bila badiliko, onana na daktari, upime presha na sukari. Usinunue vidonge vya vijiweni, moyo uliotoka kwenye gomba hauvitaki.

*Utingo wangu bado anachana.* Harufu na sauti ya kutafuna vitakutesa. Mwambie kebini ni marufuku, na umweleze kwa nini. Akishindwa, omba kubadilishiwa. Nilimpoteza kijana mzuri kwa njia hiyo na nilisikitika, lakini miezi sita ya mwanzo huwezi kumbeba mtu mwingine.

*Dawa ya mafua imenilaza.* Nyingi za mafua na kikohozi zina kitu kinacholeta usingizi. Mwambie mfamasia wewe ni dereva, akupe isiyolaza, na usome kipeperushi.

*Nimeacha gomba, bapa linakataa.* Rudi kule juu, sehemu ya wasioacha peke yao. Kama hutetemeki asubuhi na hujawahi kuanguka kwa degedege, jaribu usiku tatu nyumbani bila pombe, ukiwa na mtu karibu. Mikono ikianza kutetemeka, jasho likikutoka, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kuche.

*Mwenzangu ameanguka kebini, anatupwa na degedege.* Ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimwagie maji. Tazama saa. Ikipita dakika tano, au akirudiwa kabla hajazinduka, ni hospitali bila kusubiri. Ukifika, waambie wahudumu alichokuwa anatumia, kiasi gani, na ameacha lini. Kama unayo mabaki au karatasi ya vidonge, chukua uwaonyeshe.